Kiatu Shingoni

Ouro Preto, 10 Aprili 1988

Dada yangu Zena,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Osmar na mwanangu Tatá, na kwamba mvua zimekuachia udongo mzuri wa kufinyangia. Mimi ni mzima, ila miguu. Mji huu ulijengwa na mtu aliyekuwa na ugomvi na miguu ya watu. Kwenda kununua mkate ni kupanda, kurudi nao ni kupanda tena. Mteremko sijui huwa wanauficha wapi.

Nimepata nyumba. Hizi nyumba za wanafunzi wenyewe wanaziita jamhuri. Ni mali ya chuo lakini wanaozitawala ni wanafunzi, na kodi hakuna, mtu anachangia chakula na sabuni tu. Yangu ni ya wasichana, inaitwa Bule Azul kwa ajili ya birika kuukuu la buluu linaloning'inia juu ya mlango. Wenyeji ni sita. Mkubwa wao ni Nívea, wanamwita Delegada kwa sababu anakuhoji kama mkuu wa polisi, hata ukiwa unatoka chooni.

Nisikudanganye lakini, sijaipata kabisa. Mgeni hapa anaitwa mnyama, na mnyama anakaa kwa kujaribiwa mpaka Oktoba. Naamka kabla ya wote, nachemsha kahawa, nafuata mkate kwa Dona Filó, nafungua mlango, napiga deki, halafu ndiyo naenda darasani nikiwa nimeshachoka. Nimevishwa kibao cha mbao shingoni chenye jina na masomo yangu, na sikivui ila darasani na nikioga. Tarehe kumi na mbili Oktoba ni sikukuu, wale waliowahi kukaa hapa wanarudi kutoka kila mahali. Baada ya hapo wenyeji wanapiga kura, na kura lazima ziwe zote. Mmoja tu akikataa, unafungasha. Na unajua, dada, bila nyumba hii mimi sina chuo.

Juzi nilipigwa upepo. Ndivyo wanavyoita. Unarudi kutoka darasani unakuta chumba chako kimepinduliwa, godoro liko dirishani, chupi kwenye taa, vitabu ndani ya sufuria, na wote wamekaa sebuleni na nyuso za kitawa.

"Mnyama, uliacha dirisha wazi? Leo kulikuwa na upepo huo!"

Hairuhusiwi kukasirika. Nikacheka, nikaanza kuokota. Ndipo nikamwona Pulga, yule mdogo wao, jina lake maana yake kiroboto, ameshika kiatu cha Tatá. Kile chekundu, cha mguu wa kushoto. Nilikuwa nimekificha ndani ya soksi.

"He! Kumbe mnyama ana kwato ndogo hivi?"

"Hiyo ni hirizi," Delegada akasema. Hakuuliza, aliamua. "Watu wa bonde lenu la Jequitinhonha wana mambo yao. Si ni hirizi, mnyama?"

Wakanitazama wote. Dada, nikasema ndiyo.

Walicheka mpaka wakakaa chini. Wakakitoboa, wakakifunga kwa kamba kwenye kibao changu, na tangu siku hiyo jina langu ni Sapatinho, yaani Kiatu Kidogo. Natembea nacho mji mzima. Nikipanda ngazi kinanigonga kifuani.

Nikishachaguliwa nitasema kwamba nina mtoto. Ukishakuwa mwenyeji hakuna wa kukutoa. Kabla ya hapo siwezi, hakuna hata jamhuri moja kilimani hapa yenye mtoto.

Tatá anakula? Analala usiku? Ananiulizia?

Mdogo wako,
Jucélia


Itinga, 8 Mei 1988

Mdogo wangu Jucélia,

Barua yako ilichelewa kwa sababu Seu Delfino wa posta alikwenda kuzika na akaondoka na ufunguo. Sisi wazima. Osmar analalamika mgongo kama kawaida yake. Mbuzi mweupe kazaa mapacha. Tanuri la vyungu lilipasuka ubavuni, nikaliziba mwenyewe, na jirani Dona Zulmira akaja kusimama pale na kuniambia nimeliziba vibaya. Nikamwambia, "Basi mama, shika udongo." Akaondoka.

Tatá anakula. Ndizi, ugali wa angu, maharage ya kupondwa. Alikuwa na mafua, yameisha. Meno mawili yametoka chini.

Umesema ni hirizi. Basi. Mimi siko huko, sijui mnavyoishi. Ila mama yetu angekuwa hai, ningependa kumwona anavyolisikia hilo.

Lala, mdogo wangu. Mwandiko wako ni wa mtu anayesinzia.

Zenaide


Ouro Preto, 12 Juni 1988

Dada Zena,

Salamu zako nimezipokea, na nimefurahi kwa mapacha wa mbuzi, na pole ya tanuri. Kwangu baridi imeingia. Ukungu unapanda kutoka bondeni unafunika hata mlango wa jirani, na mimi nabisha hodi kwa Dona Filó vidole havisikii. Yeye hunipa kimkate cha jibini cha moto, ananiambia, "Shika hiki, mwanangu, ule, na usiwapelekee wale." Nakula nikitembea.

Sebuleni kwetu kuna picha za wote waliomaliza masomo wakiwa katika nyumba hii. Ukuta mzima ni wanawake tu, kuanzia Dona Quitéria ambaye ndiye wa kwanza. Sikukuu ya Oktoba mnyama anasimama kwenye ngazi, anataja majina yote kwa mpangilio bila kutazama, na akikosea anamwagiwa maji. Kwa hiyo nafua nikitaja majina. Napika nikitaja majina. Pulga anasema hata usingizini nataja majina, na kwamba kuna jina moja nalitaja ambalo haliko ukutani. Nikamwambia ni mjomba wangu.

Nimepewa na kazi ya gazeti. Kila mwezi nyumba inawapelekea hao waliotoka karatasi ya Habari za Bule, na anayeiandika ni mnyama. Naipiga taipu kwenye stensili, nadurufu, nakunja, napeleka posta. Nikuonjeshe: "Paa la jikoni limezibwa. Paka Bispo aliyepotea amerudi, mnene kuliko alivyoondoka. Matukio yajayo: moto wa Mtakatifu Yohana uani kwetu, kila mmoja aje na mahindi yake. Timu ya Bule itacheza na wale wa nyumba ya chini, njooni mtushangilie, mwaka jana tulifungwa kwa kukosa kelele." Delegada alisoma akasema, "Angalau huyu anajua kuweka nukta." Hapo ndio nimesifiwa.

Asiyenipenda ni mmoja, Leonor, wanamwita Vidro, kioo, kwa sababu hasemi jambo asilolimaanisha. Anasoma ufamasia. Hanionei, hanitumi ovyo. Ila anakitazama hiki kiatu, halafu ananitazama mimi.

Likizo ya Julai sitakuja. Mnyama ndiye anayebaki kulinda nyumba. Nililia, sasa nimeacha.

Nakuomba unitumie kile kiatu cha kulia. Hiki cha kushoto si changu tena, ni cha nyumba, kila anayepita anakivuta. Nataka kimoja nilale nacho.

Na nilikuuliza kitu hukunijibu. Ananiulizia?

Jucélia


Itinga, 24 Julai 1988

Mdogo wangu,

Tumepata barua. Huku kavu, mto umebaki mawe. Mbuzi tumewauza wote na mapacha wao, malisho hakuna. Osmar amesafiri kutazama kazi, karibu mwezi sasa, anakula kwa binamu yake. Nyumba imekuwa kimya, mimi na mtoto tu na kuku watatu, na hao kuku hawana raha kwa jinsi Tatá anavyowakimbiza.

Kile kiatu kingine sikioni. Nadhani mbwa wa Dona Zulmira alikichukua.

Nimemshonea Tatá koti la sufu. Zito, lenye kofia. Kitambaa nilipewa.

Soma vizuri. Usihangaike na kila kitu.

Zenaide


Ouro Preto, 9 Agosti 1988

Dada Zena,

Natumaini mko salama na shemeji amerudi. Barua yako nimeisoma hadi imechanika kwenye mkunjo.

Anawakimbiza kuku? Dada, mimi nilimwacha anashika ukingo wa kiti. Ameanza kutembea lini? Alikwenda kwa nani hatua ya kwanza? Umeniandikia mbuzi, umeniandikia tanuri, umeniandikia mpaka meno, na hili hukuniandikia.

Halafu koti. Koti la sufu Itinga, ambako hata mijusi inatafuta kivuli? Lenye kofia? Shemeji amekwenda kutazama kazi wapi?

Nijibu haya mawili. Mengine yangoje.

Jucélia


Ouro Preto, 30 Agosti 1988

Dada,

Natumaini wazima. Sijaona barua. Kila asubuhi nikitoka kwa Dona Filó napita posta na mkate kwapani. Yule binti wa dirishani ameshanizoea, anatikisa kichwa kabla sijauliza. Jana nilimwambia, "Angalau jifanye unatafuta." Akajifanya, maskini.

Hapa ni maandalizi tu. Wanapaka chokaa, wanakopa magodoro, wanagombania nani atapikia wageni. Nimeandika matangazo ya sikukuu mpaka naota matangazo. Juzi niliungua mkono kwa kahawa kwa kusinzia nimesimama. Vidro alinifunga bandeji, akaniuliza, "Kile kiatu kina umri gani?" Nikasema sijui. Akasema, "Ngozi imekunjika puani. Hirizi haijifunzi kusimama." Akaenda zake.

Koti la nini, Zena?

J.


Itinga, 12 Septemba 1988

Mdogo wangu Jucélia,

Barua zako zote mbili ninazo. Nilikuwa naanza kujibu, naacha. Sisi wazima.

Osmar amepata kazi São Paulo, kiwanda cha vipuri vya magari. Amepata na chumba na jiko. Tunahama katikati ya Oktoba, tanuri nimeshampa Dona Zulmira, ataliziba anavyojua. Koti ni la huko. Nataka kwenda na mtoto.

Sikutaka kukuandikia kwa sababu nilijua utaandika nini. Sasa nisikilize mimi kwanza. Huna kitanda chako. Una kibao shingoni na unaamshwa kuchemshia watu kahawa. Miaka mingine minne. Mtoto atakaa wapi, ndani ya soksi pamoja na kiatu? Kule kuna shule karibu, kuna hospitali. Osmar anampenda, anamwita bosi. Ukimaliza masomo utakuja kumchukua, nani atakuzuia?

Uliniuliza kama anakuulizia. Hakuulizii. Ananiita mama. Mwanzoni nilikuwa namsahihisha, namwambia sema Zena. Baadaye niliacha.

Alitembea mwezi wa Mei, kutoka mlangoni hadi kwenye tanuri. Alikuja kwangu, hapakuwa na mtu mwingine.

Nilikulea wewe nikiwa na miaka kumi na mitano, na hukufa. Huyu naye hatakufa mikononi mwangu. Na hao wenzako, machoni pao mama yake ni nani? Hata hawajui kama yupo.

Zenaide


Ouro Preto, 20 Septemba 1988

Dada yangu Zena,

Wewe na shemeji, na mwanangu, nawasalimu. Barua yako ilinifikia asubuhi, na sikwenda darasani. Nilikaa kwenye ngazi za kanisa na mkate wa watu mapajani mpaka ukapoa.

Uliyosema yote ni kweli. Kitanda sina. Kibao ninacho. Ulinilea, na shukrani zangu kwako haziishi, lakini shukrani hizo si Tatá. Omba kingine chochote.

Lile neno lako la mwisho ndilo lililoninyanyua pale. Kwamba hata hawajui kama yupo.

Ndani ya bahasha hii utakuta Habari za Bule za mwezi huu. Soma chini, kwenye matukio yajayo, baada ya misa na kabla ya chakula cha mchana:

"Tarehe 12 Oktoba, asubuhi: atafika nyumbani Tarcísio, mtoto wa mwaka mmoja na nusu wa mnyama wetu Sapatinho. Kiatu anachovaa mama yake shingoni ni chake. Si hirizi. Wenye kumbukumbu ya kulea mnaombwa ushauri, na aliye na nguo ndogo za baridi asizitupe."

Nilidurufu zote, nikakunja, nikabandika stempu, nikazipeleka posta. Ndipo nikarudi na nakala zao nikaziweka mezani.

Pulga ndiye aliyesoma wa kwanza. Akapiga kelele, "Jamani! Jamani njooni muone, mjomba wake ana mwaka mmoja na nusu!" Delegada alisimama na karatasi mkononi, nikadhani ataipasua.

"Zimeshakwenda?"

"Zimekwenda."

"Zote? Hata ya Dona Quitéria?"

"Hata yake."

"Wewe mwanamke," akasema. Ni mara ya kwanza kuniita hivyo, sikuitwa mnyama. "Umetuvua nguo mbele ya wazee wetu. Ungetuambia sisi kwanza."

"Ningewaambia nyinyi kwanza mngenikataza kuandika."

Akafikiri. "Ningekukataza, ndiyo." Akaenda kufunga mlango wa chumba chake, polepole, na hilo lilinitisha kuliko angeubamiza.

Kwa hiyo, dada, mwanangu ameshatangazwa. Kuna wanawake mpaka Recife wanaojua anakuja tarehe kumi na mbili. Mkienda São Paulo mnapita mkoa huu huu. Shukeni hapa. Usipite naye njia nyingine, Zena, kwa sababu nitakuja nyuma yenu na kibao changu, na nitabisha kila chumba chenye jiko.

Nakupenda. Lete na koti.

Jucélia


Itinga, 4 Oktoba 1988

Jucélia,

Tumeuza vitu vilivyobaki. Tutashuka Ouro Preto tarehe 12 asubuhi, basi linalotoka Belo Horizonte. Osmar anasema tusikae zaidi ya siku moja.

Sijasema ndiyo. Nimesema tutashuka.

Karatasi yenu niliisoma. Dona Zulmira pia aliisoma, nilikuwa nimeiacha juu ya meza. Analia tangu asubuhi, ananiharibia kufungasha.

Z.


Ouro Preto, 30 Oktoba 1988

Dada yangu mpendwa Zena,

Natumaini São Paulo imewapokea vizuri, chumba hakivuji na mgongo wa shemeji umetulia. Tatá hajambo. Anakohoa kidogo asubuhi, koti anavaa hata akilala. Juzi amejifunza kumwita paka. Paka haji, lakini anamwita.

Sikukuandikia mapema kwa sababu nilitaka kwanza nijue naandika nikiwa wapi. Anwani imebadilika, itazame nyuma ya bahasha.

Nikuanzie ulipoishia wewe. Kabla hamjaondoka uliniona kwenye ngazi nimelowa, ile ni kwa sababu niliruka jina la mwanamke wa tano ukutani, na mwenyewe alikuwepo, ndiye aliyenimwagia. Ulinivuta pembeni ukaniuliza, "Na hiyo kura?" Nikakwambia kura ni jambo la kawaida tu. Haikuwa kawaida. Nilikwambia hivyo ili upande basi.

Wazee wa nyumba walikuwa wamegawanyika. Uliwaona waliokuja na sweta na chupa za maziwa, wakambeba Tatá kwa zamu kama kikombe cha mpira. Hukuwasikia waliokuwa jikoni. Dona Quitéria alinishika kwa mkono wake mkavu na mwepesi, akaniambia, "Mimi nilimaliza hapa bila mtoto, na si kwamba sikuwa naye." Akaomba kahawa. Nikamletea.

Kura ilipigwa Jumapili baada ya chakula. Wanashusha birika la buluu kutoka mlangoni, kila mwenyeji anaingiza mkono na kuacha haragwe moja ndani, jeupe la kukukubali, jeusi la kukukataa. Mimi nilikaa kwenye kiti katikati na Tatá mapajani, anataka kushuka. Delegada akamimina mezani. Meupe matano.

Lile moja likabingirika mpaka ukingoni, Tatá akanyoosha mkono kulichukua.

"Ni langu," Vidro akasema. "Sitaki mtu adhaniwe badala yangu."

"Vidro, kweli?" Pulga akaruka. "Kwa mtoto mdogo hivi? Roho yako ya bati!"

"Nyamaza, Pulga. Sapatinho, nitazame. Mwaka jana mama yangu alipata kiharusi. Niliomba nyumba hii nimlete, chumba cha nyuma kiko tupu. Mkaniambia Bule ni ya wanafunzi, tukimpokea mmoja tutawapokea wote. Wewe Delegada ndiye uliyesema. Nikanyamaza, nikampeleka kwa watawa, na alifia huko mimi nikiwa kwenye mtihani. Sasa aingie huyu? Basi mama yangu nilimwacha kwa nini?"

Delegada aliinamisha kichwa. Mimi ndiye niliyekuwa na haki ya kumchukia, nikajitafutia hiyo chuki nikaikosa. Nikamwambia, "Ungemleta ningemwogesha." Akasema, "Najua. Nimekuona unavyopiga deki." Macho yake yalijaa, lakini haragwe hakuligusa.

Desturi ni kwamba aliyekataliwa anakivua kibao mwenyewe na kukiacha mezani. Nikakivua. Kiatu nikakifungua kwenye kamba. Kiatu nikaondoka nacho.

Pulga alinibebea godoro analia njia nzima, na mji huu ulivyo wa kupanda, kulia na kubeba haviendi pamoja, tulipumzika kila kona. Nilikwenda kwa Dona Filó kwa sababu ndiyo njia miguu yangu inayoijua. Alikuwa anafagia unga. Akamtazama Tatá, akanitazama shingo, akaona kibao hakipo.

"Wamekuvua?"

"Wamenivua, mama."

"Nyuma ya tanuri kuna chumba. Joto, mende kidogo. Utauza mkate asubuhi kabla ya darasa, mimi magoti hayataki tena. Na mtoto alale mpaka aamke mwenyewe, hapa hapigwi mtu upepo."

Basi hapo ndipo ninapoandikia. Ukuta mmoja una moto wa tanuri, nimeusogezea kitanda chake. Naamka mapema kuliko nilipokuwa mnyama, na jioni nasoma amelala mgongoni kwangu, kichwa kinaanguka juu ya kitabu, changu na chake. Nimefeli somo moja, nitalirudia. Sikwambii ni rahisi. Picha yangu haitakaa kwenye ule ukuta. Ila Delegada alikuja jana kununua mkate, yeye mwenyewe, akasimama muda mrefu kuchagua mikate inayofanana. Mwisho akasema Habari za Bule za Novemba hakuna wa kuziandika. Nikamwambia aniletee stensili. Ila jina nitakaloandika chini litakuwa Jucélia.

Sasa lile lililobaki.

Pale kituoni hukuniambia ndiyo wala hapana. Ulimshusha, ukamfunga kofia ya koti, ukamtengeneza kola, ukaitengeneza tena ilhali ilikuwa sawa. Shemeji akaita. Ukaniwekea mkono wake ndani ya wangu kama mtu anayehamisha maji asimwage, ukapanda ukakaa upande wa pili wa basi ambako hatukuweza kukuona. Alikulilia siku tatu. "Mama," hilo hilo jina lako. Nilikuwa simsahihishi. Siku ya nne aliniita mimi hivyo hivyo, akitaka maji, na nilikaa nimeshika kikombe hata akanivuta sketi.

Jana nilimwonyesha kile kiatu. Kinamwingia vidole tu. Alikigeuza, akatazama chini ya kiti kutafuta mwenzake, kisha akaniambia wazi kabisa: "Ingine. Zena. Mkoba."

Sikukuuliza kituoni, na sikuulizi sasa. Mbwa wa Dona Zulmira hana kosa, na wewe pia. Kaa nacho, dada yangu. Siku akiniuliza viatu vyake vya kwanza vilikwenda wapi, nitamwambia kimoja nilikivaa mimi, na kingine anacho yule aliyemwona akitembea.

Wako,
Jucélia